Kisa cha Wimbledon: klabu iliyopoteza ardhi kabla ya kupoteza mji

Tarehe 28 Mei 2002, tume huru ya watu watatu iliyoteuliwa na Chama cha Soka cha England, FA, iliamua kwa kura mbili dhidi ya moja kwamba klabu ya Wimbledon iruhusiwe kuondoka kusini-magharibi mwa London na kuhamishia makao yake Milton Keynes, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Klabu kuhama uwanja halikuwa jambo geni katika soka la England. Arsenal yenyewe iliondoka Woolwich mwaka 1913, ikavuka mto Thames na kuweka makao mapya Highbury, lakini haikutoka London. Kilichoidhinishwa mwaka 2002 kilikuwa kitu kingine: klabu ya kulipwa kung'olewa katika mji ulioizaa na kupelekwa katika mji mwingine kabisa, ikiwa na nafasi yake ya ligi mkononi, ilhali mashabiki wake walio wengi walikuwa wakipinga kwa nguvu zao zote.

Mengi yameandikwa kuhusu siku hiyo, na hasira iliyomo ndani yake ni ya haki. Hata hivyo, ukikifuatilia kisa hiki tangu mwanzo utaona kwamba tume ilikuta sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutendeka. Wimbledon ilipotea kati ya mwaka 1991 na 1998, katika kipindi ambacho klabu ilitenganishwa na kipande cha ardhi ilichokuwa ikichezea, na watu wachache sana wenye mamlaka waliona hatari yake. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu klabu nyingi zinaendelea kupita njia hiyo hiyo.

Kutoka Wimbledon Common hadi Wembley

Klabu ilianzishwa mwaka 1889 kwa jina la Wimbledon Old Centrals na vijana waliosoma katika shule ya Old Central. Walicheza kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, na kwa kuwa hapakuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, walivalia jezi zao katika baa ya Fox and Grapes iliyo kando ya uwanda huo. Mwaka 1912 walihamia Plough Lane, uwanja uliokuwa makao yao kwa miaka 79.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Wimbledon ilikuwa timu ya ridhaa. Mwaka 1963 ilitwaa Kombe la Ridhaa kwa kuifunga Sutton United mabao 4-2, na mabao yote manne yalifungwa kwa kichwa na mtu mmoja, Eddie Reynolds. Mwaka uliofuata iliingia katika soka la kulipwa. Nchi nzima ilianza kulisikia jina lake Januari 1975, ilipokuwa bado nje ya ligi ya taifa yenye madaraja manne: ilikwenda Burnley, timu ya daraja la juu, na kuitoa katika Kombe la FA kwa bao 1-0, kisha ikaibana Leeds United, waliokuwa mabingwa wa nchi, kwa sare ya bila kufungana, kipa Dickie Guy akipangua penalti ya Peter Lorimer. Katika mechi ya marudiano Leeds walipita kwa bao la kujifunga. Miaka miwili baadaye, baada ya kutwaa ubingwa wa Ligi ya Kusini mara tatu mfululizo, Wimbledon ilipigiwa kura kuingia katika ligi ikichukua nafasi ya Workington, kwa kuwa wakati huo klabu ya nje iliingia kwa kura za klabu zilizomo.

Safari iliyofuata haijapata mfano wa karibu. Mwaka 1982 Wimbledon ilikuwa daraja la nne. Mwaka 1986 ilikuwa daraja la kwanza chini ya kocha Dave Bassett. Tarehe 14 Mei 1988, ikiwa na kocha Bobby Gould, ilikutana na Liverpool katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Dennis Wise alipiga mpira wa adhabu, Lawrie Sanchez akauelekeza wavuni kwa kichwa, na kipindi cha pili kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Ilikuwa penalti ya kwanza kuokolewa katika fainali ya kombe hilo Wembley, na Beasant akawa kipa wa kwanza kulipokea akiwa nahodha.

Mafanikio yote hayo yalipatikana kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba za watu. Wachezaji waliufahamu kila pembe, na wageni wengi hawakuupenda. Upungufu wake ulijulikana na kila mtu, lakini ulikuwa wao.

Upangaji uliochukua miaka kumi na miwili

Baada ya maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, mashabiki walipokufa kwa kubanana uwanjani, Jaji Taylor alipendekeza katika ripoti yake ya Januari 1990 kwamba viwanja vya madaraja ya juu viwe na viti pekee, majukwaa ya kusimama yaondolewe. Pendekezo hilo lililenga kuokoa maisha, na hakuna anayepaswa kulilaumu. Kwa Wimbledon, lakini, lilikuja pamoja na uamuzi wa mmiliki, Sam Hammam, kwamba Plough Lane haikarabatiki kwa gharama inayobebeka. Mechi ya mwisho ya kikosi cha kwanza ilichezwa hapo Mei 1991 dhidi ya Crystal Palace. Msimu uliofuata Wimbledon ilikwenda kupanga katika uwanja wa Palace hao hao, Selhurst Park, na mpango huo ulielezwa kuwa wa muda.

Muda huo ulifika miaka 12. Wimbledon iliingia Ligi Kuu ilipoanzishwa mwaka 1992 ikiwa mpangaji, ikabaki humo hadi mwaka 2000 ikiwa mpangaji, na katika kipindi chote hicho haikujenga hata ukuta mmoja wa kwake. Tarehe 26 Januari 1993 ilicheza na Everton mbele ya watazamaji 3,039, idadi ndogo kabisa katika historia ya Ligi Kuu ukiacha mechi za wakati wa korona. Idadi hiyo ilitumiwa mara nyingi baadaye kuthibitisha kwamba klabu haikuwa na watu. Mimi naona inathibitisha kitu tofauti: watu waliolazimika kuvuka sehemu nzima ya London kusini, usiku wa Januari, kwenda kuitazama timu yao katika nyumba ya jirani waliyekuwa wakishindana naye, walianza kupungua kama ambavyo mtu yeyote angetarajia.

Hammam alitafuta viwanja vingine ndani ya mtaa wa Merton, ambamo Wimbledon ipo, akagombana na halmashauri, na kwa miaka kadhaa akashikilia wazo la kuipeleka klabu Dublin, mji mkuu wa nchi nyingine. Mwaka 1997 aliuza sehemu kubwa ya hisa kwa matajiri wawili wa Norway, Kjell Inge Røkke na Bjørn Rune Gjelsten. Mwaka mmoja baadaye aliuza Plough Lane kwa kampuni ya maduka ya Safeway.

Hatua hiyo ya mwaka 1998 ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa kizima. Ardhi ya Plough Lane iliwahi kuwa na sharti lililoilinda kwa ajili ya michezo na burudani, na halmashauri ya Merton ilikubali kulipwa ili sharti hilo liondolewe. Likishaondoka, uwanja ukawa kiwanja cha kawaida mjini London, na thamani yake ikaanza kuhesabiwa kwa kile kinachoweza kujengwa juu yake. Klabu ilikwenda kwa mnunuzi mmoja na ardhi ikaenda kwa mwingine. Tangu siku hiyo, yeyote ambaye angeimiliki Wimbledon angemiliki mikataba ya wachezaji, madeni na nafasi katika ligi, bila mahali pa kuviweka. Duka la Safeway lenyewe halikujengwa kamwe. Uwanja ulibomolewa mwaka 2002, yakajengwa makazi yanayoitwa Reynolds Gate, kwa jina la yule mfungaji wa mabao manne ya kichwa.

Hoja za tume, na pale zilipopungua

Tarehe 14 Mei 2000, miaka 12 kamili baada ya siku ya Wembley, Wimbledon ilifungwa 2-0 na Southampton na kushuka kutoka Ligi Kuu. Mapato ya televisheni yakaporomoka, hasara ikabaki. Agosti 2001 mwenyekiti mpya, Charles Koppel, alitangaza kwamba klabu inakusudia kuhamia Milton Keynes, mji ulioasisiwa na serikali mwaka 1967 na ambao haukuwa na klabu ya ligi. Huko alikuwako Pete Winkelman, mtu aliyetoka katika biashara ya muziki, aliyekuwa akiongoza mradi wa uwanja mpya ukiambatana na maduka makubwa. Mradi huo ulihitaji klabu ya ligi ili uwe na maana, na kabla ya Wimbledon ulikuwa umekwisha kuzifuata klabu nyingine.

Bodi ya ligi ilikataa ombi hilo mwezi huo huo wa Agosti. Klabu ikakata rufaa, jopo la usuluhishi likasema bodi haikulitazama suala hilo ipasavyo, na hatimaye likafika mbele ya tume ya FA: mwanasheria Raj Parker, Steve Stride wa Aston Villa, na Alan Turvey wa Ligi ya Isthmian. Turvey, mtu aliyekaa muda mrefu na klabu ndogo za London na vitongoji vyake, ndiye aliyepiga kura ya kupinga.

Hoja za walio wengi zinastahili kuelezwa kwa uaminifu, kwa sababu hazikuwa za kipuuzi. Walisema klabu inapoteza fedha kila mwaka na inaishi kwa mifuko ya wamiliki. Kwamba hakuna kiwanja kinachofaa kilichopatikana Merton. Kwamba kubaki Selhurst Park kungeiua. Na kwamba uhusiano wake na jamii ya Plough Lane haukuwa na mizizi mirefu kiasi cha kushindwa kustahimili kupandikizwa mahali pengine. Kuhusu wazo la mashabiki kuanza upya kwa klabu yao wenyewe, walisema kwamba jambo hilo halingekuwa na manufaa kwa soka kwa ujumla.

Kasoro ya hoja hizo ipo katika kila kilichochukuliwa kuwa hali ya asili. Uhaba wa kiwanja ulitokana na kuuzwa kwa kiwanja kilichokuwepo. Udhaifu wa mizizi ulitokana na zaidi ya miaka kumi ya upangaji ambayo mashabiki hawakuichagua. Hasara ilitokana na gharama za kuendesha timu ya Ligi Kuu bila mapato ya uwanja. Tume iliwatazama wamiliki kama watu waliokutwa na janga, ilhali sehemu kubwa ya janga hilo ilikuwa ni maamuzi ya wamiliki wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Isitoshe, ilidhani kwamba kuihamisha klabu ndiko kuiokoa, na matukio yakaipinga upesi. Kabla hata ya kuhama, Juni 2003, klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Mechi ya kwanza Milton Keynes ilichezwa Septemba 2003 katika uwanja wa mpira wa magongo. Msimu huo iliburura mkia na kushuka daraja, Winkelman akainunua, na Juni 2004 jina Wimbledon likafutwa, ikawa Milton Keynes Dons. Jina lililobebwa kilomita 90 ili liokolewe lilidumu huko miezi tisa.

Mashabiki wanaanza upya

Siku mbili baada ya uamuzi, tarehe 30 Mei 2002, mashabiki walikutana katika ukumbi wa jamii wa Wimbledon. Walikuwako waliotaka kuendelea na mapambano ya kisheria. Kris Stewart, mmoja wa viongozi wa chama chao, alisema kwamba yeye anataka tu kutazama mpira. Mkutano ukakubaliana kuanzisha klabu mpya, AFC Wimbledon, itakayomilikiwa na wanachama kupitia Dons Trust, kila mwanachama akiwa na kura moja.

Mwishoni mwa Juni waliita majaribio ya wachezaji Wimbledon Common, uwanda ule ule wa mwaka 1889, na wakajitokeza watu wapatao 230. Mechi ya kwanza ya kirafiki, dhidi ya Sutton United tarehe 10 Julai, walifungwa 4-0 mbele ya watazamaji 4,657. Waliingia Ligi ya Combined Counties, daraja la tisa. Katika msimu huo wa kwanza AFC Wimbledon ilikuwa na wastani wa watazamaji wengi kuliko Wimbledon ya zamani, iliyokuwa bado Selhurst Park katika daraja la pili; mechi moja ya ligi ya klabu hiyo ya zamani, dhidi ya Rotherham, ilitazamwa na watu 849. Tume ilikuwa imeambiwa kwamba klabu hii haina watu. Watu walikuwapo, na sasa walikuwa wamesimama kando ya viwanja vidogo wakitazama mafundi na makarani wakicheza.

Kati ya Februari 2003 na mwishoni mwa 2004 timu hiyo ilicheza mechi 78 za ligi bila kupoteza. Ilipanda mwaka 2004, 2005, 2008 na 2009. Tarehe 21 Mei 2011, mjini Manchester, ilitoka sare ya 0-0 na Luton Town, kipa Seb Brown akapangua mikwaju miwili, nahodha Danny Kedwell akafunga wa mwisho, na AFC Wimbledon ikaingia katika ligi miaka tisa tu tangu ule mkutano. Mkurugenzi wake mtendaji wakati huo, Erik Samuelson, alifanya kazi kwa malipo ya gini moja kwa mwaka, yaani pauni moja na peni tano.

Mwaka 2006 Milton Keynes Dons ilikubali kuachana na madai ya historia iliyotangulia 2004, na Agosti 2007 nakala ya Kombe la FA na kumbukumbu nyingine zikakabidhiwa halmashauri ya Merton. Klabu hizo mbili zilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 2012 katika Kombe la FA, Milton Keynes ikashinda 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza. Tarehe 30 Mei 2016, miaka 14 kamili baada ya mkutano wa ukumbini, AFC Wimbledon iliifunga Plymouth 2-0 Wembley na kupanda daraja la tatu, ambako Milton Keynes ilikuwa inashukia. Mwaka 2018 Milton Keynes ikashuka tena, na klabu ya mashabiki ikawa juu yake kwa mara ya kwanza.

Kurudi Plough Lane, na bei yake

Kwa hoja ninayoifuatilia, jambo kubwa kuliko kupanda madaraja ni ardhi. Mwaka 2003 mashabiki walinunua haki ya uwanja wa Kingsmeadow huko Kingston, kwa kuwa hawakutaka tena kuwa wapangaji wa mtu. Desemba 2015 Merton iliidhinisha ujenzi wa uwanja mpya mahali palipokuwa na uwanja wa mbio za mbwa, mita mia chache kutoka Plough Lane ya zamani. Gharama zilipozidi fedha zilizokuwapo, ilizuka hatari ya kulazimika kuwapa wawekezaji wa nje udhibiti wa klabu. Badala yake, mwanzoni mwa 2020, wanachama walitoa hati fungani na kukusanya zaidi ya pauni milioni 5 kutoka kwa mashabiki wenyewe. Aliyekopesha alichagua riba yake, na wapo waliochagua kutodai riba yoyote.

Tarehe 3 Novemba 2020 Wimbledon ilicheza Plough Lane baada ya miaka 29, ikatoka sare ya 2-2 na Doncaster Rovers. Kwa sababu ya korona, waliolipia uwanja huo hawakuruhusiwa kuingia siku hiyo.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao mashabiki wa Wimbledon wenyewe huutaja kwa uzito. Kingsmeadow ilikuwa nyumba ya Kingstonian, klabu ndogo iliyopoteza uwanja wake katika matatizo ya fedha kabla AFC Wimbledon haijafika, ikabaki humo kama mpangaji. Ili kugharimia Plough Lane, AFC Wimbledon iliiuzia Chelsea uwanja huo, na mwaka 2017 Kingstonian ikaondoka na kuanza kucheza kwenye viwanja vya wengine. Haki ya kisheria ilikuwapo, na AFC Wimbledon haikuwa chanzo cha matatizo ya Kingstonian. Lakini matokeo kwa mashabiki wa Kingstonian yalifanana mno na yale ya mwaka 1991, na sioni namna ya kukieleza kisa hiki kwa ukamilifu bila kuwataja.

Sheria mpya mbele ya kisa cha zamani

Julai 2025 Uingereza ilipitisha sheria ya usimamizi wa soka iliyounda mdhibiti huru. Chini ya sheria hiyo, klabu haiwezi kuuza uwanja wake wala kuhamia kwingine bila idhini ya mdhibiti, na katika kuhama lazima apime kama urithi wa klabu utadhurika vibaya. Kama kanuni hizo zingekuwapo mwaka 1990, kutenganishwa kwa Wimbledon na Plough Lane kungelazimika kujadiliwa hadharani, mapema, wakati bado kulikuwa na kitu cha kuokoa.

Kipimo cha fedha nacho kimo katika sheria hiyo, na hapo ndipo mtihani utakapokuja. Mmiliki ajaye atakayetaka kuhama atafika na hesabu za hasara kama zile za Koppel, atasema hakuna kiwanja mtaani, na atauliza kama ni afadhali klabu ife. Mdhibiti akianza kwa kuuliza hasara hiyo imetoka wapi na kiwanja kilikwenda kwa nani, atakuwa ameuliza maswali ambayo kura mbili za mwaka 2002 hazikuyapa uzito. Na akielezwa kwamba mashabiki hawawezi kuiendesha klabu, rekodi ipo ya kumjibu: Mei 2025 AFC Wimbledon, ikiwa bado mikononi mwa wanachama wake, iliifunga Walsall 1-0 Wembley na kurudi daraja la tatu, huku Milton Keynes Dons, iliyouzwa mwaka 2024 na Winkelman kwa wawekezaji wa Kuwait, ikiwa daraja la nne.